Aliyetuma meseji naye alipe? Kisa cha Mine Hill, New Jersey

Jumatatu ya tarehe 21 Septemba 2009, saa 11:48 jioni, mume na mke walikuwa juu ya pikipiki kwenye barabara ya Hurd Street, katika mji mdogo wa Mine Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Mume anaendesha, mke kakaa nyuma. Walikuwa wanamaliza kona wakielekea kusini. Pikapu iliyokuwa inakuja kaskazini ikavuka mistari miwili ya katikati na kuingia upande wao. Mume alijaribu kuikwepa, hakuwahi. Pembe ya mbele ya pikapu, upande wa dereva, ikawakumba. Mguu wa kushoto wa mume ulikatika palepale, au ulibaki umeshikwa na kidogo tu. Wa mke ulipondeka, mfupa wa paja ukachomoza nje ya ngozi akiwa amelala kwenye lami. Madaktari walishindwa kuokoa hata mguu mmoja. Wote wawili walipoteza mguu wa kushoto.

Dereva wa pikapu alikuwa kijana wa miaka 18, na kumbe alikuwa zimamoto wa kujitolea. Alisimama, akaona hali ilivyo, akapiga 911, namba ya dharura ya Marekani, akawasaidia majeruhi kadiri alivyoweza mpaka polisi na wahudumu wa afya walipofika. Hakukimbia. Nalitaja hili mapema kwa sababu kisa hiki kinakosa kitu tunachopenda kukiona katika habari za ajali, yaani mlevi au mhuni wa kumtupia lawama zote. Kuna kijana wa kawaida, na kuna simu.

Majina yao yamo ndani ya hukumu na magazeti yaliyaandika sana, lakini kwa uchambuzi huu hayahitajiki. Nitawaita mume, mke, kijana na binti. Binti ndiye aliyefanya kesi hii isomwe mpaka leo na watu wa sheria na watu wa bima. Alikuwa na miaka 17. Hakuwa barabarani wala ndani ya gari. Alikuwa anachati na kijana. Majeruhi walimshitaki yeye pia, wakitaka naye alipe fidia.

Sekunde 17

Wakili wa majeruhi alianza na kazi ambayo haina mbwembwe, lakini ndiyo iliyobeba kesi nzima: aliomba rekodi za simu, akaziweka sambamba na rekodi za kazini na rekodi ya simu ya 911. Kijana alikuwa na kibarua kwenye kituo cha YMCA katika mji jirani wa Randolph. Saa ya kusaini kazini ilionyesha aliingia saa 9:35 alasiri na kutoka saa 11:41 jioni. Dakika moja baada ya kutoka, alimtumia binti meseji. Kisha alibadilishana meseji na baba yake akiwa bado kwenye maegesho, kuwaambia wazazi kwamba anarudi nyumbani kula chakula cha jioni pamoja nao. Halafu akaondoa gari. Ajali ilitokea dakika nne au tano tu baada ya kuanza safari.

Sasa angalia saa. Saa 11:48 na sekunde 14, binti anatuma meseji. Saa 11:48 na sekunde 58, kijana anajibu. Saa 11:49 na sekunde 15, simu ya kijana inaingia 911. Kati ya jibu lake na simu ya kuomba msaada zimepita sekunde 17. Ndani ya sekunde hizo ilibidi agonge, asimamishe gari, ateremke, aone watu wamelala barabarani miguu imekatika, abonyeze namba. Hazitoshi kwa jambo jingine lolote. Mahakama yenyewe ilikubali kwamba ajali ilitokea mara tu baada ya ile meseji kuondoka.

Kijana alipohojiwa na mawakili chini ya kiapo, kwanza alisema hakutuma meseji akiwa anaendesha siku ile, na kwamba si tabia yake. Alikuwa ameshaziona rekodi. Alipowekewa mbele yake tena, akakiri. Mtu akijeruhiwa na dereva aliyekuwa na simu mkononi, hili ndilo la kushika kwanza: kauli ya dereva ni mwanzo tu wa ushahidi. Mashahidi wa barabarani wataona gari limehama upande, hawataona kidole kwenye skrini. Rekodi ya kampuni ya simu ndiyo inayoona, kwa sekunde.

Rekodi hizo pia zilichora picha ya maisha ya vijana hawa. Siku ile walitumiana meseji 62, karibu nusu kwa nusu. Ndani ya muda usiofika masaa 12, simu ya kijana ilituma au kupokea meseji 180. Binti alikubali kwamba kwake meseji zaidi ya 100 kwa siku ni kawaida. Alipoulizwa zaidi, alisema yeye ni kijana mdogo na hivyo ndivyo vijana wanavyofanya. Alisema pia kwamba kwa kawaida hajali kama anayemtumia yuko kwenye usukani au hayuko, na akaona ajabu wakili kumng'ang'ania na swali hilo. Wengi walioandika kuhusu kesi hii walimcheka au walimlaani kwa jibu hilo. Mimi naliona ni jibu la kweli kuliko mengi yanayotolewa chini ya kiapo. Nani kati yetu, akitaka kumuuliza mtu umefika wapi, hujiuliza kwanza kama mtu huyo anaendesha?

Faini si fidia

Upande wa jinai ulimalizika kwa namna iliyowaacha wengi midomo wazi. Kijana alikiri makosa ya barabarani: kuendesha bila uangalifu, kutumia simu ya mkononi akiendesha, na kushindwa kubaki kwenye njia yake. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule alitozwa faini ya dola 775 na kuagizwa azunguke shule 14 za sekondari akiwaeleza wanafunzi hatari ya kuchati kwenye usukani. Leseni hakunyang'anywa.

Dola 775 kwa miguu miwili! Ndivyo walivyopiga kelele watu, na nawaelewa. Lakini faini ni ya serikali, majeruhi haoni hata senti yake. Anayesubiri kesi ya polisi iishe ndipo aanze kudai anapoteza muda ambao sheria imempa kwa kipimo. New Jersey muda huo ni miaka miwili tangu siku ya kuumia. Kukiri kosa kwa dereva kunaweza kusaidia katika madai, ila madai yenyewe hayajifungui.

Kelele hizo zilizaa kitu. Mwaka 2012 gavana Chris Christie alisaini sheria mpya ya jimbo, iliyopewa majina ya familia za wahanga, pamoja na ya wanandoa hawa. Inasema ikithibitika dereva alikuwa anatumia simu ya mkononi kinyume cha sheria, jopo la raia linaloamua kesi linaruhusiwa kuhesabu kwamba aliendesha kwa kutojali maisha ya wengine. Akiua mtu au kumjeruhi vibaya, anaweza kufungwa jela, si kulipa faini tu. Haikuweza kurudi nyuma na kumkamata kijana wa 2009.

Fedha iko wapi?

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, na ndipo waandishi wengi walipopita haraka kwa sababu hakuna drama.

Orodhesha anachopoteza mtu aliyekatwa mguu juu ya goti. Kuna upasuaji wa kwanza na ule wa kurudia, maana kigutu huweza kuambukizwa au mfupa kuota vibaya. Kuna mguu wa bandia, ambao hauvaliwi maisha yote. Huchakaa na hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na soketi yake hubadilishwa mara nyingi zaidi kwa sababu kigutu hupungua na kubadilika umbo. Kuna mazoezi ya viungo. Kuna mishahara iliyokatika na kazi ambayo haiwezekani tena. Kuna nyumba ya kurekebishwa: bafu, ngazi, mlango. Halafu kuna yale yasiyo na risiti, kama maumivu, usingizi, na mwili uliokuwa unafanya mambo bila kufikiri. Sheria ya New Jersey inaruhusu pia kila mwanandoa kudai kwa ajili ya kile alichokipoteza kwa mwenzake kuumia, na hapa wote wawili walikuwa ni majeruhi na wauguzi wa mwenzao kwa wakati mmoja.

Jumla ya hayo yote, kwa watu wawili, ni mamilioni ya dola bila kutia chumvi. Sasa upande wa pili wa mizani: mwaka 2009, bima ya kawaida ya gari New Jersey ilitakiwa kulipa angalau dola 15,000 kwa mtu mmoja aliyeumia na dola 30,000 kwa ajali nzima. Kiasi hicho hakikubadilika mpaka Januari 2023, kilipopanda na kuwa 25,000 na 50,000, na tangu 2026 ni 35,000 na 70,000. Dereva akiwa na bima ya kiwango cha chini kabisa, hospitali inaweza kuimaliza kabla majeruhi hajatoka wodini.

Na kwa waendesha pikipiki kuna shimo jingine. New Jersey ni jimbo ambalo mwenye gari akigongwa, bima yake mwenyewe ndiyo inayoanza kulipa matibabu, bila kuuliza nani mkosaji. Faida hiyo haiwahusu walio kwenye pikipiki. Dereva na abiria wa pikipiki hutegemea bima yao ya afya kama wanayo, halafu humwandama aliyewagonga. Kinachowapa nafuu ni kwamba wao hawabanwi na sharti linalowabana baadhi ya wenye magari, la kuthibitisha jeraha la kudumu kabla ya kudai fidia ya maumivu. Kwa aliyekatwa mguu, hilo lisingekuwa tatizo hata kama lingekuwepo.

Wanandoa hawa walimalizana na kijana nje ya mahakama. Vyombo vya habari viliripoti dola 500,000. Kwa kijana wa miaka 18 mwenye kibarua, ni kiwango kikubwa, na ni wazi hakikutoka mfukoni mwake. Ukikigawa kwa watu wawili, ukaondoa ada ya wakili na madeni ya matibabu, unabaki na fedha ambazo mtu mzima wa makamo, asiye na mguu, anatakiwa kuishi nazo miaka iliyobaki. Wakili wa kesi za namna hii kwa hiyo hujiuliza swali moja ambalo linasikika kama la tamaa lakini ndilo swali la kazi yake: ni nani mwingine aliyechangia, na ana bima gani?

Mara nyingi jibu ni mwajiri. Dereva akiwa kazini, akipokea simu ya ofisi, kampuni inaweza kuvutwa kwenye kesi na kampuni ina bima nene. Kijana alikuwa ametoka kazini, anaenda kula kwao. Mlango huo haukuwepo. Aliyebaki ni binti. Na binti wa miaka 17 hana mali, lakini wazazi wenye nyumba huwa na bima ya nyumba, ambayo Marekani mara nyingi hulipa pia madhara ambayo mtu wa nyumba hiyo amemsababishia mwingine kwa uzembe nje ya mambo ya gari lake. Walipojua habari za meseji, wanandoa wakamwongeza binti kwenye kesi.

Hesabu moja huwa inasahaulika. Watu walisema wanandoa wanataka kumfilisi binti. Sheria ya New Jersey inagawa lawama kwa asilimia. Mdaiwa aliyebebeshwa asilimia 60 au zaidi anaweza kudaiwa fidia yote. Aliye chini ya hapo hulipa sehemu yake tu. Tuseme jopo lingekadiria hasara kuwa dola milioni 4, likampa kijana asilimia 90 na binti 10. Binti angedaiwa 400,000. Ile 3,600,000 ya kijana ilishamalizwa na yale makubaliano, hata kama alilipa kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo hata ushindi mkubwa dhidi ya binti ungeziba sehemu ya pengo tu.

Mahakamani

Mawakili wa binti waliomba atolewe kwenye kesi kabla haijafika kwa jopo. Hoja yao: hata kama yote mnayodai ni kweli, hakuna sheria inayomtaka mtu asimtumie mwingine meseji. Mwezi Mei 2012, jaji David Rand akakubali. Dereva ndiye anayepaswa kuangalia barabara. Meseji inaweza kusubiri.

Wanandoa wakakata rufaa, na tarehe 27 Agosti 2013 jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufaa ya jimbo likatoa hukumu iliyoandikwa na jaji Victor Ashrafi. Wakili wao alikuwa amekuja na njia mbili. Ya kwanza: binti alimsaidia na kumtia moyo kijana kuvunja sheria. Ya pili: binti alikuwemo garini kielektroniki, hivyo apimwe kama abiria.

Njia ya kwanza ilikataliwa bila kusita. Kutuma meseji peke yake si kumhimiza mtu aisome na ajibu sasa hivi. Hakukuwa na ushahidi kwamba binti alimsisitiza, na ukitazama mfuatano wa meseji, kijana ndiye aliyeanza kuandika alipotoka kazini.

Njia ya pili ndiyo iliyofungua mlango. Abiria ana wajibu wake, hata kama hashiki usukani. Mahakama ilitoa mfano wa abiria anayesukuma karatasi ghafla mbele ya macho ya dereva na kumhimiza aiangalie. Hakuna atakayesema huyo hana kosa. Basi mtu anayejua kwamba mwenzake yuko barabarani, na anajua kwamba mwenzake huyo husoma kila meseji papo hapo, akimtumia, amefanya nini tofauti na yule mwenye karatasi? Majaji wakasema wajibu upo. Anayetuma meseji anaweza kuwajibika kwa majeruhi ikiwa alijua, au alikuwa na sababu mahususi ya kujua, kwamba mpokeaji anaendesha na kwamba ataisoma akiwa anaendesha. Yote mawili. Kujua tu kwamba mtu anaendesha hakutoshi, kwa sababu mtumaji ana haki ya kudhani dereva ni mtu mzima mwenye akili, atasubiri afike.

Kisha wakageuka na kumwachia binti. Rekodi zilithibitisha saa, hazikuthibitisha kichwa chake kilikuwa na nini. Hakuna aliyeonyesha kwamba alijua kijana ameshatoka kwenye maegesho. Kijana alikuwa amemtumia meseji dakika chache nyuma akiwa bado hajaondoka. Binti angejuaje kwamba ile inayofuata imeandikwa gari likitembea? Na meseji zenyewe, maneno yake, hayakupatikana kamwe. Labda kijana aliandika naendesha. Labda aliandika habari za televisheni waliyoangalia mchana baada ya kula pamoja. Rufaa ikatupwa, binti akatoka bila kulipa chochote.

Jaji Marianne Espinosa alikubaliana na matokeo lakini aliandika maoni yake mwenyewe. Kwake hakukuwa na haja ya kutunga wajibu mpya wa watuma meseji. Kanuni za kawaida za uzembe zinatosha kuamua kesi kama hii, na kwa kanuni hizo binti hana hatia.

Hukumu iliyowapa kila mtu nusu

Nimesoma wanaosema hukumu hii ni ya ajabu, kwamba sasa ukituma salamu utashitakiwa. Wamesoma kichwa cha habari. Nimesoma pia wanaoisifu kwamba imewapa majeruhi silaha mpya. Hao nao wangojee. Kigezo walichoweka majaji ni sahihi kwa upande wa haki, lakini kukithibitisha ni karibu haiwezekani bila maneno ya meseji zenyewe, na maneno hayo ndiyo yanayopotea kwanza.

Kampuni za simu Marekani hutunza kumbukumbu ya nani alimtumia nani na saa ngapi. Maandishi yenyewe hayatunzwi hivyo. Hata pale yanapokuwepo, sheria ya shirikisho ya 1986 kuhusu mawasiliano yaliyohifadhiwa inazuia kampuni kumkabidhi mtu anayedai fidia kwa hati ya kawaida ya mahakama ya madai. Yanabaki sehemu mbili: kwenye simu ya aliyetuma na kwenye simu ya aliyepokea. Simu hupotea, huuzwa, hufutwa, hutumbukia majini. Ndiyo maana mawakili wa ajali siku hizi hawasubiri. Ndani ya siku chache za mwanzo hupeleka barua rasmi kwa dereva na bima yake, wakitaka simu ihifadhiwe ilivyo na kisifutwe kitu. Mtu akiipata barua hiyo kisha akafuta, mahakama inaweza kumruhusu jaji au jopo kudhani kilichofutwa kilikuwa kinamuumiza yeye. Barua kama hiyo ingefika kwa binti mwezi Septemba 2009, kesi hii ingekuwa na sura nyingine, ya kumshinda au ya kumsafisha mapema zaidi. Lakini mwezi Septemba hakuna aliyejua kwamba yupo. Jina lake lilikuja na rekodi, na rekodi zilikuja na kesi.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, kisa hiki hakiko mbali sana kisheria. Kenya na Tanzania zilirithi kanuni zilezile za uzembe kutoka Uingereza, na mawakili wake wana desturi ya kunukuu hukumu za nje pale za kwao zinapokosekana. Tofauti kubwa iko kwenye fedha. Kenya, sheria ya bima ya mtu wa tatu, sura ya 405, inaifunga kampuni ya bima kulipa si zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia. Kinachozidi hapo anadaiwa mwenye gari mwenyewe, na wenye matatu au bodaboda wenye uwezo wa kulipa kinachozidi si wengi. Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka mitatu, nchi zote mbili, mrefu kidogo kuliko New Jersey. Faini ya kushika simu kwenye usukani Kenya, kwa kanuni za 2016, ni shilingi 2,000.

Na swali la binti limeendelea kuzunguka. Mwaka 2016 jaji mmoja wa Pennsylvania alikataa kuwatoa kwenye kesi watu waliodaiwa kumtumia meseji dereva, akiitaja hukumu ya New Jersey kama sababu ya kuiacha kesi iendelee. Jimbo jirani la New York lilienda njia nyingine: mwaka 2017 jaji wa huko aliisoma hukumu hiyohiyo na kukataa kuifuata, akisema anayewajibika kuamua kuangalia simu au barabara ni dereva peke yake. Hukumu ya Ashrafi inafunga mahakama za chini za New Jersey tu. Kwa hiyo meseji ileile, kwa dereva yuleyule, inaweza kumletea mtumaji kesi upande mmoja wa mto Hudson na isimletee chochote upande wa pili.